Nta na polishi: mng'aro mmoja, hesabu mbili

Katika biashara ya magari yaliyotumika, mwonekano ndio unaofungua mazungumzo ya bei. Gari linalong'aa humvuta mnunuzi hata kabla hajafungua mlango, na gari lililofifia hushushwa bei hata kama injini yake ni nzima. Kwa sababu hiyo, kazi ya kusafisha na kung'arisha magari imetoka kwenye ndoo na kitambaa cha kando ya barabara na kuwa biashara inayojitegemea, yenye mashine, dawa na mafundi wake. Wenyewe huiita ditelingi.

Hata hivyo, wengi wanaolipia huduma hiyo, na hata baadhi ya wanaoitoa, hawatofautishi kazi mbili zilizo ndani yake. Kazi ya kwanza ni kupiga polishi, ambayo hupunguza rangi ya gari. Kazi ya pili ni kupaka nta, ambayo huifunika rangi hiyo. Zote mbili huliacha gari liking'aa, na kwa macho ya haraka ni vigumu kujua ipi imefanyika. Lakini moja inatumia mtaji ulio juu ya bati, na nyingine inauhifadhi. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hiyo anaweza kulipa fedha ili gari lake lipungue thamani.

MTAJI ULIO JUU YA BATI

Gari la kisasa halina rangi moja bali matabaka kadhaa. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe inayoonekana, na juu ya yote kuna tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita vanishi. Utaratibu huu wa kuweka vanishi juu ya rangi ulienea katika viwanda vya magari miaka ya 1980. Kabla ya hapo, magari mengi yalipakwa rangi ya aina moja tu kuanzia chini hadi juu, na ndiyo maana fundi wa zamani alipolisugua gari jekundu, kitambaa chake nacho kilikuwa chekundu.

Unene wa matabaka yote kwa pamoja, kwa rangi ya kiwandani, kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Vanishi peke yake huwa na mikroni 35 hadi 50. Kwa maneno mengine, kile kinacholipa gari mng'aro wake na kuzuia rangi isichujuke ni kitu chembamba kuliko unywele.

Ndani ya vanishi hiyo mna kemikali zinazofyonza mionzi mikali ya jua. Kemikali hizo zikiisha, au vanishi ikiwa nyembamba mno, jua huanza kuitenganisha na rangi iliyo chini yake. Dalili ya kwanza ni ukungu mweupe juu ya paa na boneti, sehemu ambazo jua huzipiga moja kwa moja. Baadaye vanishi hubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua. Gari likifika hapo, hakuna nta wala polishi itakayolirudisha. Dawa pekee ni kukwangua na kupiga rangi upya, na gharama yake hailingani hata kidogo na ile ya kuosha na kupaka nta.

POLISHI HUPUNGUZA

Polishi ni dawa yenye chembe ndogo sana za kusagia, mfano wa msasa laini uliochanganywa na majimaji. Gari lenye mikwaruzo midogo ya duara, ile inayoonekana kama utando wa buibui jua linapolipiga, halijapoteza rangi. Limechorwa mistari kwenye vanishi. Fundi anapopitisha mashine na polishi, hazibi mistari hiyo. Anapunguza vanishi ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mistari. Uso ukiwa sawa, mwanga unarudi moja kwa moja, na gari linang'aa.

Kazi hiyo ni halali na ina faida, mradi ifanyike kwa kiasi. Polishi laini huondoa mikroni chache tu. Polishi kali ikitumiwa na mashine ya mzunguko mmoja mikononi mwa mtu asiye na uzoefu, inaweza kuondoa kiasi kikubwa kwa dakika chache, hasa kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti ambako vanishi huwa nyembamba zaidi. Mashine zenye mzunguko wa aina mbili, zinazozunguka huku zikitikisika, ni za taratibu zaidi na hazichomi rangi kwa urahisi. Anayeanza biashara hii anashauriwa kuanza na hizo.

Vanishi iliyoondolewa hairudi. Gari lina akiba yake ya mikroni, na kila polishi ni fedha iliyotolewa katika akiba hiyo bila kuwekwa nyingine. Gari linalopigwa polishi kali kila linapobadilisha mmiliki litafika mahali ambapo akiba imekwisha, na atakayeuona ubandukaji wa boneti ni mnunuzi wa mwisho.

NTA HUFUNIKA

Nta haiondoi chochote. Hulala juu ya vanishi kama utando mwembamba sana, hujaza sehemu ya mistari midogo na kulifanya tone la maji lijikusanye na kuteleza badala ya kusambaa. Kinyesi cha ndege, utomvu wa miti, wadudu na chumvi ya upepo wa bahari hukutana kwanza na nta kabla ya kuifikia vanishi, na hivyo kuondoka kwa urahisi wakati wa kuosha. Kitambaa nacho huteleza badala ya kukwaruza.

Hapa inafaa kusema kweli moja ambayo matangazo huipita kimya. Nta haizuii jua kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ni nyembamba mno. Kinga ya jua imo ndani ya vanishi yenyewe. Kazi ya nta ni kupunguza uchafu unaoshika na mikwaruzo inayotokana na kuosha, na kwa njia hiyo kuahirisha siku ambayo gari litahitaji polishi. Faida yake ya kifedha iko hapo: nta ni gharama ndogo inayosogeza mbele gharama kubwa.

Nta inayosifika zaidi kwa magari ni karnauba. Hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, hasa katika majimbo ya Piauí na Ceará. Katika miezi ya kiangazi majani hukatwa, huanikwa juani, kisha hupigwa ili unga wa nta uliojishika juu yake udondoke. Unga huyeyushwa, huchujwa na kupangwa kwa madaraja. Nta ya majani machanga ambayo hayajafunguka huwa ya manjano na hupata bei ya juu. Ile ya majani yaliyokomaa huwa na rangi iliyokolea na bei ya chini. Brazili ndiyo inayoiuza karnauba duniani kibiashara, na wanunuzi wake si watengenezaji wa nta za magari tu. Viwanda vya peremende, vidonge na vipodozi huigombea bidhaa hiyo hiyo. Kwa hiyo mvua ikiharibu uanikaji wa majani, au wakataji wakiadimika, bei ya kopo la nta ya gari nayo huguswa.

Karnauba hupendwa kwa sababu ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 tu. Tofauti hii ina maana kubwa kwa Afrika Mashariki. Boneti ya gari jeusi lililoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 70. Kwa joto hilo nta ya nyuki ikiwa peke yake hulainika, hushika vumbi na kuacha michirizi, wakati karnauba bado imesimama.

Swali hili huwagusa moja kwa moja wawekezaji wadogo wa Tanzania, nchi iliyouza nta ya nyuki nje tangu enzi ya Wajerumani, na ambayo mkoa wake wa Tabora unajulikana kwa asali na nta. Je, nta hiyo haiwezi kuwa nta ya magari? Inaweza, lakini kama sehemu ya mchanganyiko. Watengenezaji huitumia kulainisha karnauba, ambayo ikiwa peke yake ni ngumu kama jiwe na haipakiki. Mwenye nia ya kutengeneza bidhaa hiyo atalazimika kuagiza karnauba, na pia kujua hatari ya kazi yenyewe, kwani vimiminika vinavyotumika kuyeyushia nta, kama tapentaini, hutoa mvuke unaoshika moto upesi. Nta huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, na kimiminika huongezwa mbali kabisa na moto. Kazi hii si ya kufanyia jikoni.

MAJINA MATATU SOKONI

Mnunuzi wa bidhaa za kulinda rangi atakutana na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni nta za asili, nyingi zikiwa na karnauba. Hutoa mng'aro wenye kina unaopendeza zaidi kwenye rangi nyeusi, nyekundu na bluu. Hudumu kwa wiki kadhaa hadi miezi 3 hivi, na muda huo hupungua gari likilala nje au likioshwa kwa sabuni kali. Maneno "karnauba asilimia 100" kwenye kopo yasimpumbaze mtu. Yanaeleza kwamba karnauba iliyotiwa haikuchanganywa na nta nyingine. Hayana maana kwamba kopo zima ni karnauba, kwani sehemu kubwa ya kilichomo ni mafuta na vimiminika vya kulainishia.

Kundi la pili ni kinga za viwandani zinazotengenezwa kwa kemikali badala ya majani au nyuki. Mng'aro wake huonekana wa kioo zaidi, hupakwa kwa urahisi na kwa kawaida hudumu kuliko nta ya asili. Kwa gari la teksi au la kampuni, ambalo halina mtu wa kulihudumia kila mwezi, kundi hili mara nyingi ndilo lenye hesabu nzuri.

Kundi la tatu ni kinga za seramiki, ambazo msingi wake ni silika, yaani madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Hugandamana na vanishi na huuzwa kwa ahadi ya miaka 2 au zaidi. Ni bidhaa halisi, lakini bei yake ni kubwa na maandalizi yake ni magumu: kosa lolote lililobaki kwenye rangi hufungiwa chini yake. Wauzaji hupenda kutaja ugumu wa "9H". Kipimo hicho ni cha kukwaruza kwa penseli za viwango mbalimbali vya ugumu, na hakina uhusiano na kipimo cha ugumu wa madini ambacho almasi hupewa 10. Gari lenye seramiki bado litakwaruzwa na mchanga, bado litapata alama za maji ya chumvi, na bado linahitaji kuoshwa vizuri.

KAZI INAVYOTAKIWA KUFANYIKA

Sehemu kubwa ya mikwaruzo kwenye magari haitokani na barabara bali na uoshaji. Kitambaa kimoja kinachotumika kwa magari 10, kikichovywa kwenye ndoo moja iliyojaa mchanga, ni msasa. Kituo kinachotaka jina huanza kwa kurekebisha hapo.

Gari huwekwa kivulini na kuachwa lipoe. Humwagiwa maji kwanza ili mchanga uondoke kabla ya kuguswa. Hutumiwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na kuosha huanzia kwenye paa kwenda chini. Magurudumu huwa na kitambaa chake. Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa magari. Sabuni ya unga ya kufulia na ile ya kuoshea vyombo huondoa nta iliyokwisha kulipiwa.

Maji nayo ni suala. Sehemu nyingi za ukanda wa pwani hutumia maji ya visima yenye chumvi na chokaa. Yakikaukia kwenye rangi huacha madoa ya duara ambayo, yakiachwa, huingia kwenye vanishi. Gari lililooshwa kwa maji hayo lifutwe papo hapo kwa taulo laini la kunyonya maji, na ikiwezekana lisuuzwe mara ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyokingwa.

Baada ya kuosha, fundi hupitisha kiganja juu ya boneti. Kama panakwaruza, kuna chembe za breki, lami au rangi ya kupuliza zilizojikita. Hizo huondolewa kwa donge la udongo maalumu, utaalamu uliotoka Japani, ambalo husuguliwa taratibu juu ya uso uliolowanishwa. Donge likianguka chini hutupwa, kwa sababu mchanga ulioshikwa nao utachora gari zima.

Ndipo huamuliwa kama polishi inahitajika. Kanuni ni kuanza na dawa laini kuliko zote, kujaribu sehemu ndogo ya kiganja kimoja, na kusimama pale matokeo yanaporidhisha. Si lazima kila mstari uondoke. Mstari unaonaswa na ukucha umezama mno, na kuufukuza ni kuimaliza vanishi.

Nta hupakwa mwisho. Hupakwa nyembamba, sehemu kwa sehemu, huachwa ikauke hadi iwe ukungu, kisha hufutwa kwa kitambaa laini kisicho na vumbi. Kupaka nene hakuongezi kinga. Ziada yote huishia kwenye kitambaa. Plastiki nyeusi zisizo na rangi ya kung'aa zisiguswe, kwani nta huziacha na madoa meupe.

HESABU YA KITUO KIDOGO

Kwa anayefikiria kuweka fedha kwenye biashara hii, swali ni huduma ipi inayolipa. Mfano ufuatao si bei ya soko. Ni tarakimu za kuonyesha njia ya kupiga hesabu tu, na kila mmoja aweke bei za mtaa wake. Mishahara, kodi ya eneo, maji na umeme bado havijatolewa.

Tuseme kuosha gari ni sh. 10,000/=, vifaa sh. 2,000/=, na kazi ni ya nusu saa. Kinachobaki ni sh. 8,000/=, yaani sh. 16,000/= kwa saa.

Kuosha na kupaka nta ni sh. 50,000/=, vifaa sh. 8,000/=, kazi ya saa 2. Kinachobaki ni sh. 42,000/=, yaani sh. 21,000/= kwa saa.

Polishi kamili pamoja na nta ni sh. 250,000/=, vifaa sh. 40,000/=, kazi ya saa 10. Kinachobaki ni sh. 210,000/=, ambacho nacho ni sh. 21,000/= kwa saa.

Kwa haraka, nta na polishi zinalingana. Lakini polishi ina hatari ambayo nta haina. Kama katika kila magari 20 fundi ataunguza rangi ya moja, na kuipaka upya sehemu hiyo ni sh. 200,000/=, basi kila kazi ya polishi ibebe akiba ya sh. 10,000/=. Kinachobaki kinashuka hadi sh. 200,000/=, yaani sh. 20,000/= kwa saa, bila kuhesabu jina lililoharibika.

Jambo la pili ni kurudi kwa mteja. Mteja wa nta anaweza kurudi kila miezi 3, mara 4 kwa mwaka, na kuacha sh. 168,000/=. Kwa miaka 3 ni sh. 504,000/=. Mteja wa polishi, kama fundi ni mwaminifu, hapaswi kurudi kwa kazi hiyo hiyo ndani ya kipindi hicho. Akiachwa aende zake, ameacha sh. 200,000/= tu.

Njia yenye faida kuliko zote ni kuziunganisha. Mteja alipie polishi mara moja, kisha ahudumiwe kwa nta kila miezi 3. Katika mwaka wa kwanza ataacha sh. 200,000/= pamoja na huduma 3 za nta zenye thamani ya sh. 126,000/=. Miaka miwili inayofuata itaongeza sh. 336,000/=. Jumla kwa miaka 3 ni sh. 662,000/=, na gari lake bado litakuwa na vanishi. Kituo kinachomshauri mteja kupiga polishi kila baada ya miezi michache kinakata mti kinaochuma matunda yake.

Hesabu inaonyesha pia kwamba gharama ya nta yenyewe ni ndogo. Ikiwa gari dogo linatumia gramu 10, kopo la gramu 200 linatosha magari 20. Kinachouzwa ni muda na uangalifu wa mfanyakazi, kwa hiyo kubana matumizi kwa kununua nta duni huokoa fedha kidogo sana. Kubana kwenye mafunzo ya vijana na vitambaa safi ndiko kunakoleta hasara.

KWA ANAYENUNUA GARI

Magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8. Tanzania huyaruhusu lakini hutoza ushuru wa ziada kwa yaliyozeeka. Kwa vyovyote, gari linapofika sokoni vanishi yake imeshakula miaka kadhaa ya jua na maji, na mara nyingi imeshapigwa polishi ili livutie kwenye picha.

Ushahidi wa kwanza upo kwenye karatasi ya mnada wa Japani, ambayo mnunuzi ana haki ya kuiomba. Mchoro wa gari kwenye karatasi hiyo huwa na herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, P ni kasoro ya rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ikikua, kasoro nayo ni kubwa. Gari lenye W katika milango miwili na boneti limeshapita mikononi mwa mpiga rangi, hata kama leo linang'aa kama kioo.

Ushahidi wa pili ni kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Sehemu zote za bati zikisoma kati ya mikroni 90 na 150, kuna uwezekano mkubwa kwamba rangi ni ya kiwandani. Mlango mmoja ukisoma 250 wakati mingine inasoma 110, umepakwa upya. Ukisoma mamia mengi au kupita 1,000, chini yake kuna puti. Na boneti ikisoma chini sana kuliko milango, imesagwa, na akiba yake imekaribia kwisha. Kifaa hiki hupima jumla ya matabaka yote, hakitenganishi vanishi na rangi, na hakifanyi kazi kwenye bampa za plastiki. Kwa mwenye kununua magari kadhaa kwa mwaka, bei yake hurudi katika gari la kwanza lililokataliwa.

Asiye na kifaa anaweza kutumia tochi. Mwanga ukisogezwa karibu na rangi, kivulini, huonyesha mikwaruzo ya duara na alama za mashine ambazo mwanga wa kawaida huzificha. Aidha, ziko dawa za mafuta zinazojaza mikwaruzo kwa muda ili gari lipendeze siku ya mauzo. Baada ya kuoshwa mara chache, mistari yote hurudi. Ndiyo maana anayenunua gari la bei kubwa anashauriwa kuomba lioshwe mbele yake kwa sabuni na kukaushwa, kisha alitazame upya. Muuzaji asiye na la kuficha hatakataa.

Kwa upande wa muuzaji, kuliandaa gari kabla ya mauzo si udanganyifu. Kuosha vizuri, donge la udongo, polishi laini ya mara moja na nta ni gharama za kawaida za biashara, kama zilivyo betri mpya na matairi. Tatizo huanza pale polishi kali inapotumika kuficha ubovu ambao utajitokeza baada ya miezi michache, kwa sababu mnunuzi aliyeumia hurudi na ndugu zake, na soko la magari linaendeshwa kwa maneno ya mdomo.

Jambo la mwisho kwa wakazi wa pwani: nta ya juu haizuii kutu ya chini. Chumvi hukaa kwenye chasisi, nyuma ya bampa na ndani ya matundu ya magurudumu, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Kuosha sehemu za chini kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka dawa ya kuzuia kutu ni hesabu tofauti, na haipaswi kusahauliwa kwa sababu boneti inang'aa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Anayelipia huduma ya kung'arisha gari leo na aulize swali moja kabla ya kutoa fedha: kinaondolewa kitu, au kinaongezwa? Jibu likiwa ni kuondoa, ataka kujua kwa nini na mara ya mwisho ilikuwa lini. Jibu likiwa ni kuongeza, ataka kujua kitadumu kwa muda gani. Fundi anayeweza kujibu maswali hayo kwa ufasaha ndiye anayestahili kukabidhiwa gari.